Mstari wa Ruhusa

Jina langu ni Huruma, na wanaonifahamu husema mchungaji aliyenibatiza kule Lisekese alikosea mtoto. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nafundisha hesabu katika shule ya msingi ya Kiingereza hapa Masasi. Jina la shule sitalitaja. Wenyeji wanaiita Midiamu, na ukimwambia dereva yeyote wa bodaboda "nipeleke Midiamu" anawasha pikipiki bila kuuliza.

Kiingereza changu nakijua kilivyo. Kinachechemea, lakini kinafika. Nikimzungumzia mama mwenye nyumba wangu nasema "he", kwa sababu tangu nimezaliwa "yeye" ni "yeye" tu, hana suruali wala sketi. Nikimkuta mwenzangu ameinamia rundo la madaftari namwambia "sorry for work". Trevor, kijana wetu wa somo la Kiingereza, aliniambia siku moja kwamba Mwingereza hampi mtu pole kwa sababu anafanya kazi. Nikamwambia basi hapo Mwingereza ndiye aliyekosea, maana mtu akichoka amechoka, awe wa London awe wa Lisekese. Ofisi nzima ilicheka, Trevor mwenyewe akacheka mpaka chai ikampalia, na maisha yakaendelea.

Hiyo ilikuwa kabla ya Mwalimu Mkuu Gwakisa.

Sitamsingizia. Gwakisa alitoka Tukuyu, ni mtu wa kazi, viatu vyake vinang'aa hata katika vumbi letu, na hajawahi kumchapa mtoto mbele yangu wala nyuma yangu. Kitu alichokuja nacho ni Mstari wa Ruhusa. Kila siku baada ya chai ya asubuhi alitoa kiti chake barazani akakaa, na mtoto mwenye shida yoyote, iwe choo, iwe dawa, iwe kupiga simu nyumbani, alipanga mstari mbele yake. Ukifika unasema shida yako kwa Kiingereza. Ukiisema sawasawa, anatikisa kichwa na unakwenda zako. Ukikosea, anakutamkia sentensi iliyo sahihi mara moja, kwa upole kabisa, halafu anaelekeza kalamu yake mkiani. Unarudi nyuma ya wote, unasubiri zamu yako tena.

Wazazi waliupenda mstari ule kuliko walivyolipenda basi la shule. Siku ya wazazi walikuja na simu zao, wakasimama pembeni kurekodi. Nilimwona baba mmoja wa Mkunya, mkulima wa korosho, akijifuta macho kwa sababu mwanawe alikuwa ameomba maji ya kunywa kwa sentensi nzima isiyo na doa. Sikumcheka baba yule. Ameishi maisha yake yote akitia dole gumba kwenye karatasi alizosomewa na wengine, na siku hiyo aliona mwanawe hatasomewa.

Lakini baba yule alirudi Mkunya jioni. Mimi nilibaki. Mimi ndiye niliyekuwa naingia darasani baada ya mstari, na nilikuwa naona. Kulikuwa na watoto walioacha kunywa uji asubuhi ili wasije wakahitaji kwenda chooni. Nikiuliza saba mara nane, nilipata madawati kimya, halafu mmoja ananinyooshea kiganja chake ameandika hamsini na sita kwa kalamu ya wino, mdomo ameufunga. Anajua jibu. Anaogopa sentensi ya kulibebea. Nililisema jambo hilo kwenye vikao mara si moja, na kila niliposema wenzangu waliangalia ndani ya vikombe vyao kana kwamba kuna habari humo.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, kabla ya kipindi cha pili, simu yangu iliita. Alikuwa Mzee Isaka wa Chilangala, mjomba wa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita anayeitwa Loveness, mtoto wa bweni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Habari si nzuri. Severina ametutoka jana jioni."

Nilikaa juu ya ngazi za darasa. Severina nilikuwa namjua. Ni mama mdogo wa Loveness, mdogo wake mama mzazi, lakini hiyo ni hesabu ya wageni. Mama mzazi alikwenda Dar es Salaam mtoto akiwa bado ananyonya, na Severina ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamwogesha, akamtia shule. Kila siku ya kufunga shule alikuwa mzazi wa kwanza kufika getini, na mfuko wa muhogo wa kuchemsha kwa ajili ya walimu, eti tumechoka.

"Tunazika leo saa tisa," Mzee Isaka akasema. "Nimemwambia mkuu wenu. Amenipa pole vizuri sana. Anasema mtoto ataruhusiwa mara atakapoomba kwa utaratibu wa shule. Mwalimu, huo utaratibu ni upi? Maana huku tunamsubiri yeye ndiyo tuage."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikwenda darasa la sita nikamtoa Loveness, nikampeleka nyuma ya jiko, nikamwambia kwa Kiswahili, nikiwa nimemshika mabega yote mawili. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye mchanga, akauma kola ya shati lake la shule, akalia humo ndani ya kitambaa. Nilikaa naye mpaka kengele ya chai ikalia, nikamfuta uso kwa kanga yangu, nikamwambia nenda upange mstari upesi, useme, tuondoke. Nina pikipiki yangu. Kutoka Masasi mpaka Chilangala nilipiga hesabu kwamba tukitoka kabla ya saa sita tutamkuta mama yake uso wazi.

Mstari ulikuwa mrefu siku hiyo. Nililiachia darasa langu hesabu za kugawanya, nikasimama mlangoni ambapo naliona baraza. Mtoto mmoja wa darasa la pili, jina lake Lameck, alikuwa mbele ya Loveness anabadilisha miguu, amebana. Alikosea, akarudishwa mkiani, akaenda akitembea kama bata. Loveness akafika mbele.

"Sir, my mother is die. I am asking permission to go to bury."

Gwakisa alivua miwani yake. Naapa alimwonea huruma, nililiona hilo usoni pake. Akamtamkia taratibu sentensi nzima iliyo sahihi, ya kwamba mtu amefariki na mtoto anaomba ruhusa ya kwenda mazikoni. Ila pale Loveness aliposema "mother", yeye alisema "aunt", maana mjomba alikuwa amemwambia ni mama mdogo. Halafu kalamu ikaelekea mkiani.

Nilisema moyoni, sawa, ni mtoto hodari, mara ya pili ataipata. Na aliipata. Alipofika tena mbele, na jua limeshapanda juu ya mkorosho wa uani, aliitoa sentensi nzima bila kuteleza, kitenzi kimekaa mahali pake, kila kineno kimekaa pake, Trevor mwenyewe angempa vema kubwa. Isipokuwa alisema tena "mother".

"Aunt, Loveness," Gwakisa akasema. "I am sorry. Aunt." Kalamu mkiani.

Nilimfuata huko nyuma ya mstari. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika, na ninaona aibu kusema kwamba nilianza kumkasirikia yeye.

"Wewe mtoto, una nini? Neno moja tu. Sema aunt, tupande pikipiki twende. Huko wanakusubiri."

Akaniangalia kwa macho yake mekundu. "Madam, aunt Sir Trevor alitufundisha ni shangazi. Shangazi yangu yuko Nanyumbu, mzima, ana duka. Huyu ni mama."

"Najua ni mama. Lakini Kiingereza chao wanaita hivyo."

"Wao waite," alisema. "Mimi aliyenibeba ni mama. Nikisema mwingine ndiye aliyekufa, nitakuwa nimemkana. Na leo hawezi kunisikia nikimwomba radhi."

Miaka yote nimewalalamikia watoto wale kwamba wameogopa mpaka wamekuwa mabubu, na huyu hapa, msiba umemfika kooni, ameshika neno lake moja na hataki kuliachia, halafu mimi ndiye ninayembembeleza aliachie. Nilijiona mjinga. Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja barazani, nikasimama pembeni ya kiti cha mkuu, nikamsemesha kwa Kiswahili, polepole, ili watoto wasisikie.

"Mkuu, mtoto amefiwa. Mwache aende."

"Madam Huruma, mimi sijamkatalia. Ruhusa yake iko hapa mkononi. Ni neno moja. Akilisema neno hilo, anaondoka dakika hiyo hiyo."

"Neno hilo hawezi kulisema."

"Hataki. Kuna tofauti." Alizungusha kalamu. "Leo nikimwachia huyu kwa sababu ana machozi, kesho kila mmoja atakuja na machozi. Utaratibu utakuwa umekufa."

"Kwenu Tukuyu," nikamuuliza, "mdogo wake mama mnamwita nani?"

Aliangalia kalamu yake, akaangalia viatu vyake. "Tukuyu si hapa," alisema mwishowe. "Hapa tunafundisha Kiingereza. Unajua, mimi niliwahi kusimama mbele ya jopo la usaili Dar es Salaam, na shahada yangu mkononi. Nilikosea neno moja. Moja tu, Madam. Walicheka, wanaume wazima wenye tai, mmoja akamrudia mwenzake neno langu kama wimbo. Nilitoka pale sina hata nguvu ya kupanda basi. Niliapa kwamba mtoto atakayepita mikononi mwangu hatachekwa na mtu yeyote popote."

Nilimwamini. Ndilo jambo lililonitia hasira kuliko yote. Wale wenye tai walimkosea yeye, nao wako Dar es Salaam wamesahau, wanakunywa kahawa, na deni lao linalipwa na mtoto wa Chilangala aliyefiwa na mama.

Nilishuka barazani nikaenda nikasimama mwisho wa mstari, nyuma ya Loveness.

Mwanzoni watoto walidhani nimekuja kusimamia nidhamu, wakanyoosha migongo. Halafu wakaelewa kwamba nimepanga mstari kama wao. Minong'ono ikatembea kutoka mkiani mpaka mbele. Madirisha ya ofisi ya walimu yalianza kujaa vichwa, na Trevor akatoka kabisa na kikombe chake, akasimama chini ya mkorosho mdomo wazi. Gwakisa aliniona. Aliendelea kusikiliza watoto, mmoja mmoja, lakini sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. Jua lilikuwa kichwani. Kila mtoto aliyerudishwa nyuma alipita pembeni yangu akisema "excuse me, Madam" kwa woga, nami moyoni nilikuwa nahesabu kona za mlima wa Makonde na mafuta yaliyobaki kwenye tangi.

Zamu ya Loveness ikafika. Akasema sentensi yake ile ile nzuri, na neno lake lile lile. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko mara zote. Gwakisa hakumsahihisha hata. Aliinua kalamu tu. Loveness akageuka kwenda mkiani, na alipokuwa ananipita nilimkamata mkono, nikamweka ubavuni kwangu. Nikasogea mbele.

"Sir," nikasema, "me and Loveness we are going to Chilangala for burying her mother. Now we have late."

"'We are late,' Madam Huruma," akasema kwa ile sauti yake ya siku zote, kwa mazoea tu nadhani, maana macho yake yalikuwa yamechanganyikiwa. "And it is her aunt." Kisha, Mungu ni shahidi, kalamu ikaanza kuinuka kuelekea mkiani.

"You have understand me?"

Kalamu ikasimama njiani.

"Mkuu, nimekuuliza," nikasema sasa kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo mpishi aliisikia jikoni, "umenielewa au hujanielewa?"

"Nimekuelewa, lakini…"

"Basi nimeshasema. Na huyu ulimwelewa tangu mara ya kwanza. Aliposema ile ya kwanza kabisa, iliyovunjika kila mahali, ulivua miwani kwa uchungu. Ulijua nani amekufa, anakwenda wapi, kufanya nini. Hakuna kilichobaki cha kuelewa. Sasa unamweka juani kwa ajili ya nini?"

Alisimama. Ni mrefu, na barazani anakuwa mrefu zaidi. "Madam Huruma, ukitoka kwenye geti lile na mtoto asiye na ruhusa, fikiria jinsi utakavyorudi."

Nilikuwa nimeshampa mgongo. Nikageuka nikamjibu kwa lugha yake ya ofisi, ili asije akasema sikufuata utaratibu. "I will came back on Monday," nikamwambia. "Wait me."

Nyuma yetu nilisikia mbio. Alikuwa Lameck, yule wa darasa la pili. Alitoka mstarini bila kumwomba mtu yeyote kitu chochote, akakimbilia chooni, kaptula ameishika kwa mikono miwili. Halafu mwingine akamfuata. Halafu msichana mmoja akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, kwamba yeye kichwa kinamuuma na anakwenda kulala. Sikubaki kuona mwisho wake. Nilimvalisha Loveness kofia yangu ngumu, nikapiga teke pikipiki, mlinzi akafungua geti kabla sijamwomba. Saa sita ilikuwa imeshapita.

Barabara ya Newala unaianza kwenye joto la tambarare na unaimalizia juu kwenye upepo. Tulipoanza kupanda, pikipiki ililalamika kwenye kila kona, nami nikaibembeleza kwa maneno ambayo sifundishi darasani. Loveness alinishika kiunoni kwa nguvu. Huko juu mikorosho ilikuwa na maua, na harufu ya salfa wanayopuliza wakulima ilitufuata shamba kwa shamba. Nilipunguza mwendo Mkunya kwa sababu ya mbuzi. Newala mjini nilisimama kutia mafuta, nikaikuta simu ina ujumbe wa mkuu, mrefu, Kiingereza kimenyooka hakina hata mkunjo, kwamba Jumatatu kabla ya mstari wa asubuhi nilete barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua. Niliusoma mara moja. Nikamjibu: "Received. Sorry for work." Nikaiweka simu mfukoni.

Nitaiandika barua hiyo, nilijisemea. Nitaiandika kwa mkono wangu na kwa Kiingereza changu mimi, simpi Trevor anirekebishie hata nukta, na nitatia sahihi kubwa. Kama wanataka kunifukuza, wanifukuze kwa kuwa wamenielewa.

Kutoka Newala njia ya Chilangala ni mchanga, na mchanga hauna haraka. Gurudumu la nyuma lilituangusha mara moja, hatukuumia. Tulipokaribia tuliona watu wanatembea, na wengine wamekaa chini ya mikorosho pembeni ya njia, na nikajua kwa jinsi walivyokaa kwamba tumechelewa. Watu wanaosubiri kuaga hawakai hivyo.

Walikuwa wameshaaga. Walivuta muda kadiri walivyoweza, wakaimba nyimbo zote za kitabu, mchungaji akarefusha mahubiri, lakini ana ibada nyingine ya mazishi kijiji cha pili, na jua halimsubiri mtu. Sanduku lilikuwa limefungwa na limeshashushwa. Vijana walikuwa na majembe mikononi, udongo mwekundu umeshafunika nusu. Mzee Isaka alipotuona alipaza sauti, na majembe yote yakasimama hewani.

Loveness alitembea mpaka ukingoni na kofia yangu bado kichwani. Nilimvua. Alichungulia mle ndani. Palikuwa na udongo tu na kona moja ya mbao. Uso wa mama yake alikuwa ameukosa, na hataupata tena, na ameukosa kwa sababu ya kalamu moja barazani. Nimemsamehe Gwakisa mambo mengi. Hilo sijamsamehe, na sijui kama nataka.

Mjomba wake alimpa udongo mkononi, akautupa. Kinamama walimshika wakamkalisha kwenye mkeka, wakalia naye. Kisha kaburi likajazwa, msalaba ukasimikwa, na mchungaji akauliza kama mtoto wa marehemu yupo na angependa kusema neno kabla ya sala ya mwisho. Alisema hivyo hivyo: mtoto wa marehemu. Hakuna mtu kati ya umati ule aliyegeuka kutafuta mtoto mwingine.

Loveness akasimama. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama huku na huku, akaniona, akanijia mbio katikati ya watu, akanivuta sikio karibu na midomo yake. Nilidhani anataka maji.

Akaninong'oneza maneno ya Chimakonde, sentensi mbili au tatu, taratibu, ametenga neno kwa neno. Alipomaliza akaniuliza kwa Kiswahili:

"Madam, nikisema hivyo ni sawa?"

Mimi ni Mmakua wa Lisekese. Chimakonde nakisikia cha kununulia mboga. Mtoto yule alizaliwa na lugha ile, ndiyo aliyobebewa mgongoni, ndiyo aliyoimbiwa alipokuwa haoni usingizi. Amesimama juu ya kaburi la mama yake, mbele ya ukoo wake, na analeta maneno yake kwangu niyakague kwanza. Nimeona mambo mengi ya kuumiza katika kazi hii. Nilipiga magoti pale mchangani ili macho yetu yalingane.

"Sijui kama ni sawa," nikamwambia. "Mimi sijui, na mchungaji hajui, na mwenye kujua yumo humo chini na hajawahi kukurudisha mkiani hata siku moja. Nenda useme."

"Nikikosea?"

"Kosea."

Alirudi mpaka msalabani. Alianza kwa sauti ndogo, akakwama, akaanza upya. Akakwama tena mahali pale pale, kwenye neno moja, na nilijua ni neno gani hata kabla sijalisikia, maana hilo ni moja kwa lugha zetu zote. Mzee Isaka alitaka kumsaidia. Nilimshika mkono wa koti.

Kisha akalisema. Halikutoka kama neno la sentensi. Alimwita. Alimwita kwa sauti ya mtoto anayerudi kutoka shule na kukuta mlango umefungwa, akamwita tena, na tena, na kinamama wote waliokaa kwenye mkeka, kila mmoja mwenye umri wa kuwa mama yake, wakaitika.